Ripoti ya mama inasema kuna tezi ndani ya ukuta wa mrija wa nyongo. Ni kansa?

"Shikamoo dokta. Sisi tuko Ujiji. Mama yangu ana miaka 56, mwezi uliopita alifanyiwa operesheni akatolewa kifuko cha nyongo, alikuwa na vijiwe vimemsumbua karibu mwaka mzima. Nyama waliyotoa ikapelekwa maabara, majibu yametoka wiki hii. Ripoti ni ya Kiingereza, mdogo wangu kajaribu kuitafsiri, inasema kifuko kina vijiwe na uvimbe wa siku nyingi, halafu kwenye kipande cha mrija wameona tezi zimezunguka mrija, nyingine ndani ya ukuta na nyingine nje ya ukuta, zimeongezeka, hakuna dalili ya saratani. Binamu yetu anasoma chuo cha afya, anasema tezi zikishakuwa ndani kabisa ya ukuta maana yake zimepenya, hiyo ni kansa imeanza ila wanatuficha. Jirani kaleta mafuta ya zeituni na malimao anywe asafishe nyongo. Mjomba anataka tumpeleke akatobolewe ini kwa sindano tujue moja. Mama mwenyewe ameacha mawese kabisa, anakula ugali mkavu na mchicha wa kuchemsha, amekonda. Swali langu, hiyo tezi imefikaje kwenye nyongo, si ugonjwa wa shingoni? Na tufanye nini?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, maana najua wiki kama hiyo inavyokuwa nyumbani, karatasi moja inapita mikononi mwa watu kumi na kila mtu anasoma lake. Nikujibu kwanza halafu nieleze. Kwa maneno uliyoniandikia hapo juu, ripoti haisemi kansa. Imesema hamna. Na hizo tezi zilizowatisha ni viungo vya kawaida kabisa, mama alizaliwa navyo, wewe unavyo, mimi ninavyo, na binamu yako pia anavyo. Kilichoongezeka kwa mama ni wingi wake tu, na mtuhumiwa wa kwanza wa huo wingi ni vijiwe alivyokaa navyo mwaka mzima. Slaidi yenyewe, yaani kile kioo chenye kipande cha nyama kinachotazamwa kwenye darubini, mimi sijaiona, naongea kutokana na hiyo tafsiri ya mdogo wako, hilo ulishike.

Nadhani hapa neno ndo limeleta balaa zaidi kuliko ugonjwa. Huku kwetu ukisikia "fulani ana tezi" ujue anaumwa, shingo imevimba, au kama ni mzee basi anashindwa kukojoa, mpaka tezi dume ambayo kila mwanaume anayo tangu tumboni mwa mama yake imegeuka jina la ugonjwa. Kumbe tezi ni kikundi cha seli chenye kazi ya kutengeneza kitu na kukitoa, basi. Mate yanatoka kwenye tezi, jasho tezi, machozi tezi, maziwa ya mama tezi. Ile ya shingoni inatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu, haina undugu wowote na hii ya nyongo zaidi ya kuchangia jina. Kwa hiyo haikufika kwenye nyongo, ilikuwepo. Na neno "uvimbe" nalo lina kesi yake, maana mdogo wako ametafsiri "uvimbe wa siku nyingi" na najua mmesikia uvimbe ule wa kansa, wakati hapo maabara wanamaanisha kifuko kimechokozwa na vijiwe muda mrefu kikawa chekundu, kikanenepa ukuta, kama kidole kinavyovimba ukichomwa na mwiba wa samaki ukauacha humo.

Sasa twende ndani ya ini taratibu, maana ukishaelewa njia ya nyongo hata hiyo ripoti utaisoma mwenyewe.

Ini la mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, na kati ya kazi zake nyingi mojawapo ni kutengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kila siku. Nyongo ndo sabuni ya tumboni. Mtu wa Kigoma haitaji kuelezwa sana hapo, ukishika mawese ukanawa maji matupu vidole vinabaki vinateleza, ukitia sabuni yanaachia. Mafuta ya chakula nayo yakifika kwenye utumbo mdogo yanahitaji nyongo iyavunje yawe matone madogo madogo ndo mwili uweze kuyachukua. Nyongo inatoka kwenye seli za ini, inaingia kwenye vijifereji vyembamba kiasi kwamba huvioni bila darubini, vijifereji vinaingia kwenye vimirija, vimirija vinaungana kuwa mirija, inakuwa mikubwa kadiri inavyosogea kwenye mlango wa ini, pale inakuwa miwili, wa kulia na wa kushoto, inaungana kuwa mmoja. Huo mmoja ndo unaopokea kamrija kanakotoka kwenye kifuko cha nyongo, halafu unashuka mpaka kwenye utumbo, na pale mlangoni unakutana na mrija wa kongosho. Ni kama vijito vya milimani vinavyokusanyana mpaka kuwa Malagarasi kisha ndo ziwa.

Sabuni hiyo ni kali. Seli zinazotandika mirija kwa ndani zimejipanga safu moja tu, na hapo ndo panapita kitu kinachoyeyusha mafuta mchana na usiku, na ukumbuke ngozi ya nje ya seli yenyewe imetengenezwa kwa mafuta. Lazima kuwe na ulinzi. Sehemu ya ulinzi huo ndo hizo tezi.

Kwa hiyo ukichukua mrija mkubwa wa nyongo ukaukata kama unavyokata bomba, ukatazama mdomo wake kwenye darubini, utaona hivi. Katikati tundu. Kuzunguka tundu, safu moja ya seli ndefu zimesimama kama watu kwenye foleni. Nyuma yake ukuta wa nyuzi nyuzi ngumu, rangi ya waridi kwa sababu ya dawa tunayopakia. Ndani ya ukuta huo, hapa na pale, vijishimo vinavyoanzia kwenye tundu na kuzama, vingine vimejikunja kidogo, seli zake zimejaa ute. Hizi ndo tezi za ndani ya ukuta, nyingi zinafungukia moja kwa moja kwenye mrija. Halafu ukitoka nje ya ukuta kabisa, kwenye nyama laini inayofunika mrija, unakuta mafungu. Fikiria mkungu wa michikichi uliokatwa katikati kwa panga, kuna mti wa kati, kuna vijiti vimetawanyika kutoka humo, na kwenye kila kijiti chikichi zimebanana. Fungu la tezi za nje ya ukuta liko hivyo hivyo, kuna mrija wa kati mwembamba unaopasua ukuta kwenda kumwaga mzigo kwenye mrija mkubwa, na pembeni yake vipunje vya seli vimejikusanya duara duara. Baadhi ya vipunje vinatoa ute mzito, vingine vinatoa majimaji mepesi yenye vitu vya kuua bakteria, kama laisozaimu ile ile iliyopo kwenye machozi na mate, na laktoferini.

Na kuna kitu kimoja kinanifurahishaga kila nikikiona. Kwenye baadhi ya watu, katikati ya mafungu hayo unakuta vipunje ambavyo ni kongosho kabisa, vinatengeneza vimeng'enya vya kongosho, viko peke yao huko kwenye mlango wa ini mbali na kongosho lenyewe. Si ugonjwa. Mtoto akiwa tumboni, kama wiki ya 4, mirija ya nyongo na sehemu ya kongosho vinachipua jirani kutoka kwenye utumbo mmoja, kwa hiyo ni watu wa ukoo mmoja, na wengine walibaki upande wa wajomba.

Tezi hizi haziko kila mahali, na hili ni la maana sana kwa lile wazo la mjomba wako, nitalirudia. Ziko kwenye mirija mikubwa. Zinajaa kwenye mlango wa ini, pale mirija inapoungana, kwenye kamrija ka kifuko, na kule chini karibu na utumbo. Vimirija vyembamba vya huko ndani kabisa ya ini havina. Kifuko chenyewe nacho hakina hizi, kwenye shingo yake tu ndo kuna vijitezi vya ute. Ndiyo maana ripoti ya mama imesema "kwenye kipande cha mrija", daktari alipokata kifuko alikuja na kipande kidogo cha kale kamrija, na humo ndo walizikuta, mahali pake hasa panapotakiwa.

Watu wamezijua zamani tu. Daktari mmoja Mwingereza, Lionel Beale, aliviona vijishimo hivyo kwenye kuta za mirija katika karne ya 19, na mpaka leo kuna vitabu vinaviita kwa jina lake. Ila kazi ya kuzichambua moja moja, zipi za ndani ya ukuta na zipi za nje, zinatoa nini, zinaumwa nini, ilifanywa zaidi na Wajapani, Profesa Yasuni Nakanuma na wenzake wa Kanazawa, kuanzia miaka ya 1980. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanazipita tu.

Halafu miaka ya 2010 ikaja habari nyingine. Watafiti wa Roma huko Italia na wenzao wa North Carolina Marekani wakaonyesha kwamba ndani ya tezi hizi, hasa zile za kina, kuna seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Safu ya juu ya mrija, ile inayotandika tundu kwa ndani, ikichubuka, hizi zinaongezeka, zinapanda juu, zinafunika kidonda. Kwa lugha ya shambani, ndo kitalu cha miche. Ushahidi mzuri umetoka kwa watu waliopandikizwa ini. Ini likitolewa kwa mtu mmoja likakaa kwenye barafu kabla ya kuwekwa kwa mwingine, ile safu ya juu ya mrija mara nyingi inachubuka karibu yote, lakini wengi wanapona vizuri. Wataalamu wa Groningen, Uholanzi, mwaka 2014 walionyesha kwamba kinachotabiri matatizo ni hali ya tezi za kina na mishipa midogo ya damu inayozilisha, kama zimeharibika basi mirija inakuja kupata makovu na kuziba baadaye. Kitalu kikiungua hakuna miche ya kujazia.

Nimezunguka kidogo lakini nilikuwa naelekea kwa mama. Vijiwe vimekaa mwaka mzima vinasugua, saa nyingine vinaziba njia, nyongo inatuama, bakteria wanajaribu bahati yao. Safu ya juu inachubuka, inajengwa, inachubuka tena. Unadhani kitalu kitafanya nini? Kitaongeza miche. Tezi zinaongezeka, zinatoa ute mwingi zaidi, mafungu yanakuwa makubwa. Huko ndo kuongezeka kulikoandikwa kwenye ripoti. Ni jibu la mwili kwa uchokozi, kama kiganja cha mvuvi kinavyoota sugu kwa kuvuta kamba za nyavu, na kwa vile kifuko na vijiwe vyake vimeshatolewa, mchokozi mkuu hayupo tena.

Sasa kwa binamu. Simlaumu, na mwambie nimesema hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaingia mtego huo huo nikiwa bado mwanafunzi wa patholojia, yaani kazi ya kusoma magonjwa kwenye nyama kwa darubini. Ilikuja slaidi ya mrija wa nyongo, mimi nina haraka ya kuonekana najua, nikaweka lenzi kubwa moja kwa moja. Nikaona vijiduara vya seli vimezama ndani ya nyuzi za ukuta, mbali na tundu, vingine karibu na neva. Moyo ukapiga. Nikaandika kwa penseli kansa imepenya. Mwalimu wangu akaja, hakusema kitu, akazungusha lenzi akaweka ile ndogo ya 4, inayokuza mara 4 tu, akasogea pembeni akaniambia "angalia tena". Nilipotazama kwa mbali nikaona mkungu. Fungu limekaa vizuri lina mpaka wake, vipunje vimepangana kuuzunguka mrija wao, kila kipunje kinafanana na mwenzake. Zilikuwa tezi za kawaida. Nikafuta kwa aibu, na mpaka leo naanzaga na lenzi ndogo.

Yaani kosa la binamu ni kudhani kwamba kitu kikiwa ndani kimetoka nje na kupenya. Kwenye kansa mara nyingi ndo hivyo, seli zinaanza juu zinazama. Lakini hizi makazi yake ni humo humo. Mtu ukimkuta sebuleni kwake usiku huwezi kusema kavunja mlango. Kinachotofautisha ni tabia. Tezi za kawaida, hata zikiongezeka, zinabaki kwenye mafungu, viini vya seli vina ukubwa unaolingana na vimekaa chini kwa mpangilio, nyuzi zinazozizunguka zimetulia. Kansa haina mafungu, vijitezi vinatawanyika hovyo kila upande, vingine vimechanika, viini vimoja vidogo na jirani yake kikubwa mara kadhaa, nyama ya pembeni inakakamaa kwa kovu jipya, na mbaya zaidi unazikuta zimeizunguka neva kama mzabibu kwenye mti. Pathologisti akiona ana wasiwasi anakata vipande zaidi, au anapaka dawa maalum zinazoonyesha kama seli zinagawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida. Ndo maana sentensi ile ya mwisho, "hakuna dalili ya saratani", haikuandikwa kama salamu. Mtu alikaa akaangalia hayo yote kwenye kipande chembamba cha kama mikroni 4, unywele wako mmoja ni mnene kuliko hicho mara 15 na zaidi.

Na la kuficha, hapana. Ripoti ya patholojia inaandikwa ili daktari wa upasuaji ajue la kufanya. Ukiandika hamna wakati ipo, mgonjwa anakosa tiba na mwandishi anakuja kuulizwa. Kuna familia daktari anachelewa kuwaambia kwa mdomo, hilo lipo, ila karatasini hawaandiki uongo.

Nisikudanganye pia kwa upande wa pili. Tezi hizi zinaweza kuugua. Watafiti wengi wanaamini baadhi ya kansa za mirija mikubwa ya nyongo zinaanzia humo humo, hasa kwa watu ambao mirija yao imechokozwa miaka na miaka, kwa mfano wenye vijiwe ndani ya mirija ya ini yenyewe au wale wenye minyoo ya ini ya huko Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka mmoja wa vijiwe vya kwenye kifuko ni habari tofauti. Zinaweza pia kuziba na kujaa maji zikawa vivimbe vidogo vilivyojipanga kando ya mirija kwenye mlango wa ini, hiyo tunaionaga zaidi kwa wenye ini lililosinyaa kwa makovu au wenye ugonjwa wa kurithi wa vivimbe vya figo, na mara nyingi havisumbui, vinaonekana tu kwenye kipimo kilichofanywa kwa sababu nyingine na kuwatisha watu kama mlivyotishika nyie. Kwenye ripoti ya mama vyote hivi havijatajwa.

Kwa kuwa uko Ujiji najua kuna mtu ataleta habari ya kichocho cha ziwani, na ni kweli Tanganyika ina kichocho cha tumbo na kinaharibu ini. Ila chenyewe mayai yake yanakwama kwenye mishipa ya damu inayoingia ini na kuacha makovu kuizunguka, haya mambo ya tezi za nyongo hayakihusu. Kama mama amekulia kwenye maji hayo na hajawahi kupimwa, apimwe choo, akutwe nacho apewe prazikwanteli, lakini kama jambo lake peke yake.

Turudi kwa mjomba na sindano yake. Nia yake nzuri, anataka mjue moja, lakini sindano hiyo haitajibu swali hili. Inaingia ubavuni kati ya mbavu, inachukua kauzi ka nyama ya ini kenye upana wa kama milimita 1 na urefu wa sentimita 1 na nusu hivi mpaka 2, kutoka upande wa nje wa ini. Huko kuna vimirija vyembamba tu, na nimeshakwambia vimirija vyembamba havina tezi hizi. Mtatoboa, mtalipa, mtasubiri majibu wiki kadhaa, na majibu yatakuja hayana hata tezi moja, halafu binamu atasema "si mmeona, wameficha". Na sindano yenyewe si maji ya kunywa, inaweza kusababisha kuvuja damu, kwa mtu mwenye sababu ya kuchomwa tunakubali hiyo hatari ila mama sababu hana.

Kama roho hazitulii kabisa, njia ya kistaarabu ni hii. Ile nyama haijatupwa yote. Sehemu iliyokatwa imegandishwa kwenye kibloku cha nta, na slaidi zake zipo, maabara inazitunza. Mna haki ya kuomba slaidi au bloku zipelekwe kwa pathologisti mwingine azisome upya, iwe hospitali ya Bugando, Muhimbili au kwingine, mama asiguswe hata na sindano moja na wala hahitaji kupanda treni, kinachosafiri ni kiboksi. Mngekuwa ndugu zangu ningewaambia haihitajiki, lakini ukiniuliza kati ya kulipia hiyo na kulipia sindano, hiyo mara mia. Ultrasaundi ya kuangalia mirija nayo ni rahisi na haimuumizi, mwombeni daktari kwenye kliniki ya marudio kama hajaipanga. Sitiskani na MRI msiende kuzidai wenyewe, ni hela nyingi na kwa sasa hakuna kinachoziita.

Mafuta ya zeituni na malimao. Hii imeenea kweli. Mtu anakunywa glasi nzima ya mafuta na ndimu, asubuhi anatoa vitu vya kijani laini chooni, anapiga picha, "vijiwe vimetoka". Vile si vijiwe, ni mafuta yenyewe yaliyogeuka sabuni tumboni yakaganda, ukiviacha juani vinayeyuka, na kijiwe cha kweli hakiyeyuki juani. Halafu mama kifuko hana! Vijiwe vinatoka wapi? Mshukuruni jirani, zeituni wekeni kwenye kachumbari. Dawa za mizizi za "kusafisha ini" hizo ndo nakataza kabisa, nimeona ini zilizoungua kwa hizo, na mgonjwa aliingia akiwa mzima.

Mawese sasa, na hapa nimesikitika zaidi kuliko kwenye tezi. Mama amekonda kwa woga. Kifuko kilikuwa stoo tu, kiwanda ni ini na ini lipo, nyongo sasa inatiririka kidogo kidogo moja kwa moja kwenye utumbo badala ya kusubiri mlo. Wiki za mwanzo akila mafuta mengi kwa mpigo anaweza kuharisha au tumbo kujaa, kwa hiyo aanze kidogo, kijiko kwenye mboga, milo midogo mara nyingi, aone mwili unasemaje halafu aongeze. Watu wengi wanarudi kwenye chakula chao cha kawaida kabisa. Mpikie mgebuka wa mchuzi, muhogo, maharage, yai. Mwili unaotoka kwenye operesheni unajenga, na mchicha wa kuchemsha peke yake hauna matofali ya kutosha.

Kutapika kitu cha njano na kichungu nako, maana najua mtanirudia na hili, huko kwetu tunasema "ana nyongo". Tumbo likiwa tupu ukatapika sana nyongo itatoka tu, kwa yeyote, haimaanishi imezidi wala imepasuka.

Ila kuna mambo ambayo akiyapata hamtakiwi kuniandikia mimi wala kumuuliza binamu. Macho yakianza kuwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea huku choo kikiwa cheupe kama majivu, mwili ukawasha bila vipele, hiyo ni dalili nyongo imekosa njia, inaweza kuwa kijiwe kimoja kilichoponyoka kikabaki kwenye mrija mkubwa au kovu la operesheni, apelekwe hospitali ya Maweni kesho yake asubuhi. Na kama pamoja na njano kuna homa ya kutetemeka na maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, msisubiri kesho na msianze kupima malaria nyumbani mkanywa dawa mseto mkaona inatosha, hiyo ni siku hiyo hiyo, hata kama ni saa 8 usiku, mrija ulioziba ukiingia bakteria unaua haraka. Kukonda kunakoendelea hata baada ya kurudi kula vizuri nako mkamweleze daktari, msije mkakaa nako mnasema ni ile operesheni.

Kwenye marudio nendeni na ripoti yenyewe, ile ya Kiingereza, siyo tafsiri. Muulizeni aliyempasua kitu kimoja tu, kama mrija mkubwa ulionekana msafi siku ile au kulikuwa na wasiwasi wa kijiwe kubaki. Hilo ndo swali lenye faida kwa mama kwa sasa. Na binamu akipata nafasi chuoni aombe wamwonyeshe slaidi ya mrija wa nyongo wa mtu mzima asiyeumwa, aanze na lenzi ya 4.